Namna ya kukagua grade na prime za wachunguzi wa serikali, Lubumbashi na Haut-Katanga

Mwongozo huu ni wa wajumbe wa sendika, wakuu wa biro na wakaguzi wa ndani waliopewa kazi ya kuangalia kama prime za wachunguzi zinawafikia wanaostahili. Wachunguzi tunaowasema ni inspekta wa kazi, inspekta wa madini, maofisa wa kodi na forodha wanaofuatilia makosa, na watumishi wengine wa Leta wenye mamlaka ya kufungua dosie na kuandika PV (procès-verbal, yaani maandishi rasmi ya kosa lililoonekana). Kazi yao haifuati saa za biro. Malori hujaa mpakani Kasumbalesa hata usiku, na udongo ukiwaangukia wachimbaji upande wa Likasi, inspekta hangoji Jumatatu. Ndiyo maana wanapewa nyongeza juu ya mshahara. Nyongeza hiyo huvuta pia majina ya watu wasiotoka nje ya mlango wa biro, huku yule aliyelala njiani akiambiwa bado hajapangwa kwenye prime. Huo ni udhalimu, na ukaguzi mzuri unaweza kuuondoa.

Mkaguzi anayeanza na fedha hupotea. Anachukua listi ya malipo, anaona kiasi kikubwa mbele ya jina fulani, anaandika ripoti, kisha mwenye jina analeta karatasi tatu na ripoti yote inaanguka. Kiasi peke yake hakithibitishi lolote. Anza na kazi anayofanya mtu, uende kwenye saa zake, na fedha uzifikie mwisho.

Grade, wadhifa na mamlaka ya OPJ

Haya ni mambo matatu, na nusu ya mabishano hutokea kwa sababu watu huyachanganya.

Grade ni ngazi ambayo mtumishi anaishika kwa hati. Kwa watumishi wa kudumu wa huduma za umma, msingi ni Sheria nambari 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1981. Ngazi zinapanda kutoka huissier, agent auxiliaire, agent d'administration, attaché d'administration, chef de bureau, chef de division, directeur, hadi secrétaire général. Wadhifa ni kiti anachokalia leo. Attaché anaweza kukaimu kiti cha chef de bureau kwa miaka na bado grade yake ikabaki ile ile. Herufi "a.i." (ad interim, yaani anakaimu) mbele ya cheo chake zina maana kubwa kwa mkaguzi, kwa hiyo zinakili kila unapozikuta.

Mamlaka ni jambo la tatu. Ofisa wa polisi ya mahakama, yaani OPJ, anatajwa katika Ordonnance nambari 78-289 ya tarehe 3 Julai 1978. Inspekta wengi wanayo sifa hiyo kwa mipaka: inspekta wa kazi anaandika PV juu ya sheria ya kazi, haandiki juu ya wizi wa ng'ombe. Kadi ya OPJ haimpandishi mtu grade, wala haimpi prime kwa yenyewe, isipokuwa hati inayounda prime hiyo iseme hivyo. Usikubali kadi iwe jibu la kila swali.

Tena, kuna huduma zenye kanuni zao za pekee. Ukaguzi Mkuu wa Fedha (IGF), ulioundwa kwa Ordonnance nambari 87-323 ya tarehe 15 Septemba 1987, na idara za mapato kama DGI (kodi), DGDA (forodha) na DGRAD (mapato mengine ya Leta) hazilipi prime kwa mpango mmoja na divizio ya kawaida ya wizara. Kabla ya kumpima mtu, hakikisha kipimo ni cha nyumba yake.

Karatasi za kuwa nazo mezani

Kwa kila mtu fungua bahasha moja. Ndani yake weka hati ya kuingizwa kazini (arrêté d'admission sous statut), hati ya mwisho ya kupandishwa grade, commission d'affectation (hati za kumpangia mtu kiti) zote na siyo ya mwisho tu, PV ya kiapo kama ni OPJ, cotation (alama za kazi anazopewa na mkuu wake) za miaka mitatu iliyopita, maelezo ya kazi ya kiti chake kama yapo, hati zote za misioni za miezi 12, na kurasa za listi ya malipo zenye jina lake kwa miezi hiyo hiyo. Bahasha moja tofauti iwe ya hati inayounda prime yenyewe: dekreti au arrêté, pamoja na viambatisho. Viambatisho ndivyo huwa vimepotea, na mara nyingi jedwali la nani anastahili nini liko humo. Bila jedwali hilo usianze.

Mfuate mtu kwa matrikule, yaani nambari yake ya utumishi, siyo kwa jina. Majina yetu huandikwa kwa mpangilio tofauti kila biro: jina, postnom na prénom hugeuzwa, herufi moja inaongezeka, na mtu mmoja anaonekana wawili. Kwa upande mwingine, watumishi wapya wanaoitwa NU, nouvelles unités, bado hawana matrikule. Hao si watu hewa. Wafuate kwa nambari ya commission d'affectation na tarehe ya kuanza kazi, na uwaandike kwenye ukurasa wao.

Angalia tarehe kwa subira. Commission d'affectation iliyotiwa saini Juni haiwezi kuhalalisha prime ya Januari, hata kama imeandikwa kwamba "inaanza Januari", mpaka aliyeitia saini aeleze kwa maandishi. Kopi bila muhuri wa kuthibitishwa iandike kama kopi. Ukiona hati tano za miaka tofauti zenye saini ile ile, wino ule ule na muhuri umeinama upande ule ule, usimshitaki mtu hapo hapo. Andika nambari za hati hizo, uende kuziangalia kwenye daftari la barua zinazotoka la biro iliyozitoa. Daftari hilo ni vigumu kulitengeneza upya kuliko karatasi moja.

Kupima kazi yenyewe

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo wakaguzi wengi huruka kwa haraka.

Swali ni moja: je, sehemu kubwa ya kazi ya mtu huyu, ya kawaida na ya kurudiarudia, ni uchunguzi? Kusoma maelezo ya kazi hakutoshi, kwa sababu maelezo mengi yamenakiliwa kutoka kiti kimoja hadi kingine bila kubadilisha neno. Kaa na mtu dakika 45, na mkuu wake dakika 30, kila mmoja peke yake, uwaulize maswali yale yale. Nani anaamua kufungua dosie? Nani anaenda mahali penyewe? Nani anahoji mashahidi? Saini ya nani iko chini ya PV? Simu ikilia usiku kutoka mgodini au mpakani, inamlilia nani? Kisha omba dosie sita ambazo mtu huyo alizishughulikia katika miezi 12, uzichague wewe kwenye rejista, usikubali kuchaguliwa. Kama yeye ni mchunguzi, mwandiko na saini yake vitakuwa ndani. Kama jina lake linaonekana kwenye barua za kusindikiza peke yake, yeye ni mtunza dosie. Kazi yake ni ya heshima na ya lazima, lakini ni kazi nyingine.

Kwa kupima sehemu ya muda, mfano wa Marekani una msaada. Huko kila kiti cha serikali kuu kinapewa jina, kundi la kazi na ngazi. Wachunguzi wa makosa ya jinai wako kwenye kundi nambari 1811, na wachunguzi wa jumla wako kwenye kundi nambari 1810. Kazi ngumu inayodaiwa kuinua ngazi ya kiti inapaswa kuwa ya kawaida na kuchukua walau asilimia 25 ya muda wa mtu. Kazi iliyofanywa mara moja kwa mwaka wakati mwenzake yuko likizo haihesabiwi. Unaweza kutumia kipimo hicho kama mkono wa kukusaidia kufikiri: wiki nne mfululizo, mtu aandike kila siku alifanya nini, kwa vipande vya nusu saa, na mkuu wake atie saini kila Ijumaa. Mwisho wa mwezi jumlisha. Lakini katika ripoti usiandike asilimia 25 kama sheria ya hapa kwetu. Ni kipimo chako cha kazi, na useme hivyo wazi.

Makosa utakayoyakuta zaidi ni haya. La kwanza, na ndilo la kawaida kuliko yote, ni mtu aliyehamishwa: alikuwa mchunguzi kweli, akapelekwa sekretarieti, protokoli au ghala, na prime ikamfuata kwa sababu hakuna aliyeandika barua ya kuiondoa. La pili ni mkuu wa zamani wa wachunguzi ambaye sasa anasimamia mafunzo. Hapa uwe mwangalifu, maana msimamizi anayesoma PV, anayetuma timu na anayeamshwa usiku bado yuko ndani ya kazi ya uchunguzi. La tatu ni la upande wa pili, na linasahauliwa: agent d'administration anayefanya kazi ya inspekta kwa miaka, anaenda Kipushi na Likasi, anaandika PV ambazo mwingine anazitia saini, na hana grade wala prime. Huyo naye mwandike kwenye ripoti. Huwezi kuamuru alipwe, kwa sababu grade inatolewa kwa hati na kwa utaratibu wa kupandishwa, lakini ukinyamaza umeusaidia udhalimu kuendelea. Na PV iliyoandikwa na asiye na mamlaka inaweza kuanguka mbele ya hakimu, kampuni ikatoka bila kulipa kitu.

Saa

Kama prime inalipwa kwa sababu ya kiti peke yake, sehemu hii utaipita upesi. Kama inalipwa kwa sababu ya kazi za usiku, za ghafla au za kuwa tayari kuitwa, hapa ndipo pa kukaa.

Kwanza ondoa kosa moja linalorudi kila mara. Nyongeza za asilimia 30, 60 na 100 ambazo wafanyakazi wa makampuni ya madini wanazijua vizuri zinatokana na upande wa Code du travail, yaani Sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Sheria hiyo katika kifungu chake cha kwanza inawaweka nje watumishi wa kudumu wa serikali. Kwa hiyo inspekta wa kazi anaidai kampuni ilipe saa hizo kwa wafanyakazi wake, lakini yeye mwenyewe hawezi kuzidai kwa kifungu hicho hicho. Aliye kwa mkataba tu, siyo kwa statut (utumishi wa kudumu), mwangalie kwa mkataba wake.

Rejista ya saa iwe na safu hizi: tarehe, saa ya kutoka na ya kurudi, mahali, nambari ya dosie, nani aliagiza na kwa njia gani, simu au barua, alichofanya kwa maneno kumi, saini yake, saini ya mkuu ndani ya siku saba. Safu ya nambari ya dosie ndiyo inayokuokoa. Saa bila dosie ni maneno tu, ila saa yenye dosie unaweza kuifuata hadi kwenye PV, kitabu cha wageni cha mlango wa mgodi, au risiti ya péage kwenye barabara ya Likasi.

Tofautisha aina mbili za saa. Kuna saa za kazi yenyewe, na kuna saa za kungoja kuitwa. Hizi za pili ndizo hubishaniwa. Mtu kuwa na simu mfukoni nyumbani hakutoshi. Lazima mkuu awe amempanga kwenye zamu ya kungoja, kwa karatasi, kabla ya siku yenyewe, kwa sababu kazi inadai hivyo. Aliyejiamulia mwenyewe kukaa tayari hajapangwa.

Hati inayounda prime ikinyamaza juu ya namna ya kuhesabu wastani, hesabu ya Wamarekani inafaa kuigwa kama zoezi, kwa sababu imeandikwa wazi. Sheria yao ya mwaka 1994 inawapa wachunguzi wa jinai nyongeza ya asilimia 25 ya mshahara wa msingi, kwa sharti kwamba kwa mwaka mzima wawe na wastani wa saa 2 au zaidi za kazi isiyopangwa, au za kuwa tayari, kwa kila siku ya kawaida ya kazi. Siku ya kawaida ni ile ambayo mtu amefanya walau saa 4 za kazi yake. Saa za likizo, za mafunzo na za kusafiri kwa amri hazihesabiwi ndani ya hizo 4. Saa alizofanya kweli Jumapili zinaingia kwenye jumla, za kungoja Jumapili haziingii. Mchunguzi na mkuu wake hutia saini kila mwaka kwamba sharti limetimizwa na litaendelea kutimizwa.

Hesabu yenyewe tuifanye. Tuseme mwaka una siku 260 za Jumatatu hadi Ijumaa. Ondoa likizo siku 22, mafunzo 10, sikukuu 8. Zinabaki 220, kwa hiyo zinatakiwa saa 440. Rejista inaonyesha 395. Gawanya 395 kwa 220, unapata karibu 1.8: hajafikia. Lakini ukirudi kwenye bahasha unakuta vyeti vya hospitali vya siku 25 ambavyo hakuna aliyevihesabu. Siku za kawaida sasa ni 195, na 395 kwa 195 ni zaidi kidogo ya 2. Amefikia. Mtu mwaminifu alikuwa karibu kupoteza prime kwa sababu mkaguzi alihesabu saa kwa makini na siku kwa uvivu. Hakiki namba ya chini kwa bidii ile ile unayohakiki ya juu.

Kwa hapa kwetu, weka kalenda ya sikukuu pembeni unapohesabu. Januari peke yake ina tarehe 1, 4, 16 na 17. Kuna 6 Aprili tangu 2023, kuna 1 na 17 Mei, 30 Juni, 1 Agosti, na Krismasi. Rejista inayoonyesha saa za "siku ya kawaida" tarehe 17 Januari imejazwa bila kutazama kalenda, na labda imejazwa yote siku moja.

Dalili nyingine za rejista iliyojazwa baadaye: kila siku saa 2 kamili, bila dakika, kalamu moja kwa miezi mitatu, kurudi Lubumbashi saa ile ile kila safari, iwe ni Kipushi, kilomita 30, au Likasi, kilomita 120, saa zilizoandikwa wakati wa likizo. Dalili moja haithibitishi. Zikiwa tatu kwa mtu mmoja, chukua wiki mbili za rejista yake uzilinganishe moja baada ya nyingine na hati za misioni na vitabu vya milangoni.

Ulegevu wa saa haumwangushi mtu mmoja tu. Marekani ilikuwa na aina nyingine ya nyongeza, ya asilimia 10 hadi 25, kwa saa za ghafla ambazo mkuu hawezi kuzipanga. Oktoba 2013 ofisi yao inayopokea taarifa za watumishi wanaofichua makosa ilimwandikia rais na bunge kwamba katika biro sita za wizara ya usalama wa ndani nyongeza hiyo ilikuwa imegeuka desturi ya kila siku, kwa watu waliokaa mezani, na gharama yake ilikadiriwa dola milioni 8.7 kwa mwaka. Mwaka uliofuata ikatoka sheria mpya kwa walinzi wa mpaka: kila mmoja anachagua kila mwaka kufanya saa 100, 90 au 80 kwa wiki mbili, na nyongeza ni asilimia 25, 12.5 au sifuri. Prime isiyopimwa huishia kuonekana haki ya kila mtu, na siku inapokatwa hukatwa kwa wote, hata kwa waliokuwa wanaifanyia kazi.

Fedha

Sasa ndipo ufungue listi ya malipo. Linganisha listi tatu: ile ambayo huduma yenyewe iliituma kama tamko, ile iliyotoka Direction de la Paie Kinshasa, na malipo ambayo benki ilifanya kweli tangu mishahara ianze kupitia benki. Weka matrikule tatu kwenye mstari mmoja. Aliye kwenye ya kwanza na hayuko kwenye ya pili huyo anangoja kupangwa. Aliye kwenye ya pili na hayuko kwenye ya kwanza huyo ndiye wa kuulizia kwanza. Aliye kwenye zote mbili na benki haikumlipa, tafuta shida ya akaunti kabla ya kutafuta mwizi.

Mtu anaweza kulipwa mshahara wa msingi bila prime, na mwingine prime bila mshahara. Yote mawili yapo, usishangae. Kwa kila prime uliza mambo manne: hati inayoiunda ni ipi, iko kwenye mstari gani wa bajeti, ni ya kudumu au siyo ya kudumu, na kiasi kwa kila grade ni kipi. Chini ya Sheria ya fedha za umma nambari 11/011 ya tarehe 13 Julai 2011, matumizi hupita engagement, liquidation, ordonnancement, kisha paiement. Karatasi inayokosekana mara nyingi ni ya liquidation, ambapo mtu anathibitisha kwamba kazi inayolipwa imefanyika kweli. Iombe kwa jina lake.

Angalia malipo mawili kwa siku moja. Jumamosi ya Kasumbalesa inaweza kuwa imelipwa kama frais de mission, ikaingizwa tena kwenye saa za ziada. Hati ya prime ikikataza, andika. Isipokataza, andika pia, kama pengo la kanuni. Kwa idara za mapato, sehemu ya faini inayorudi kwa maofisa, ile prime de contentieux, usiijumlishe na prime ya kiti: ina hesabu yake, inategemea faini iliyolipwa kweli, na inataka nambari ya dosie ya faini hiyo.

Kukokotoa kilichozidi: mtumishi alihamishwa kutoka uchunguzi tarehe 1 Machi, prime ya faranga 150,000 kwa mwezi ikaondolewa Novemba. Machi hadi Oktoba ni miezi 8, jumla 1,200,000. Andika kiasi ghafi na kiasi alichopokea mkononi kwenye safu mbili, kwa sababu makato yaliyokwenda kwenye kodi na kwenye CNSSAP (kasha la pensheni la watumishi wa Leta) hakuyapokea yeye.

Jambo moja linalouma Haut-Katanga ni gari. Biro haina mafuta, kampuni inayokaguliwa inatuma gari lake kumchukua inspekta, inampa chakula na chumba. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani nambari 81 wa mwaka 1947, ambao nchi yetu iliuridhia, unadai serikali imrudishie inspekta gharama za safari, na unamkataza kuwa na faida yoyote kwenye kampuni anazosimamia. Ukikuta hati ya misioni bila mafuta, bila tikiti na bila frais de mission, uliza: alifikaje? Kosa la kwanza hapo ni la anayetuma mtu bila kitu. Liandike juu ya jina la huduma, siyo juu ya jina la inspekta peke yake.

Kuandika ulichokikuta

Kila tatizo liandike kwa mpangilio mmoja: ulichoona, kanuni inasemaje, tofauti ni ipi, kiasi gani, sababu gani. Sababu ndiyo hupuuzwa. "Amepokea prime asiyostahili" haitoshi. "Hakuna fomu inayotoka divizio kwenda kwenye paie mtu anapohamishwa" ni sababu, na inaweza kurekebishwa.

Mpe mhusika rasimu ya sehemu inayomhusu, siku 10 ajibu kwa maandishi, na jibu lake liambatishwe bila kukatwa. Wengi waliobaki kwenye prime hawakuomba kubaki, na hawana njia ya kujiondoa kwenye listi ya Kinshasa. Ripoti itaandikwa Kifaransa, ndiyo lugha ya serikali, lakini mahojiano yafanye kwa Kiswahili kama mtu anajieleza vizuri zaidi hivyo, na umsomee maneno yake kabla ya kutia saini.

Nakala ziende kwa mkuu wa divizio, divizio ya Fonction publique ya mkoa na ile ya Bajeti. Kama kuna hati za kughushi au mkuu mwenyewe ndiye anayehusika, mlango wa juu ni IGF au Cour des comptes. Mtumishi aliyenyimwa haki yake aanze na barua ya malalamiko kwa mamlaka iliyofanya uamuzi, aombe accusé de réception (karatasi ya kuonyesha barua imepokelewa) yenye tarehe na muhuri, na asikae nayo: mbele ya mahakama za kiutawala, zilizopangwa na Sheria nambari 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016, muda unahesabiwa, na karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha ulianza lini.

Baada ya ukaguzi wa kwanza, usirudie kila kitu kila mwaka. Weka fomu moja ya ukurasa mmoja inayojazwa siku ile ile mtu anapohamishwa, anapopewa kiti cha a.i. au anapoanza likizo ndefu, nakala moja kwa anayeshughulikia paie na nyingine kwa mjumbe wa sendika. Kila robo mwaka chagua bahasha tano kwa kura, uzipitie kutoka commission d'affectation hadi benki. Timu ya watu wawili inahitaji karibu siku nzima kwa bahasha tano kama rejista ya saa imejazwa vizuri. Kama haijajazwa, tenga siku tatu, na siku ya kwanza uitumie kwenye vitabu vya milangoni.